Wimbo wa Santuri Ukumbini

Msomaji, huenda nawe umepata kusikia wimbo katika santuri, au katika redio, au katika simu ya ndugu yako, ukaupenda mpaka ukatamani kuuimba wewe na wenzako mbele ya watu. Mlipokutana kufanya mazoezi mkaona ajabu: maneno mwayajua, mahadhi mwayajua, walakini kile mlichokipenda hakipo. Mmeshika mkia, ng'ombe amekwenda zake. Insha hii yamhusu ng'ombe huyo. Nataka tuulize pamoja, mtu asimamaye ukumbini ana deni gani kwa wimbo uliotengenezwa ndani ya studio, na ni kitu gani katika wimbo huo kiwezacho kuachwa nao usife.

Tuanze karibu na nyumbani. Ukitoka Nakuru kwa njia ya magharibi, ukapanda Mau na kupita Londiani, utafika Kericho, mji wa chai. Mjini humo palikuwa na duka la Chandarana, ambalo halikuridhika na kuuza santuri za watu wengine, bali lilinasa sauti za wanamuziki wa Kikipsigis, wa Kijaluo na wengineo, likatoa santuri zake lenyewe. Bendi ya benga ya zama zile haikuwa na makuu: magitaa mawili au matatu, ngoma, na waimbaji. Iliingia studio, ikapiga kama ilivyopiga katika dansi, na kazi ya mtambo ilikuwa kusikiliza na kushika. Tabu ilikuwa moja tu. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ina nafasi chache, na benga haipendi kuharakishwa. Kwa hiyo mara nyingi wimbo ulikatwa vipande viwili, upande wa kwanza na upande wa pili, na msikilizaji akalazimika kuinuka kitini kugeuza santuri palepale gitaa lilipoanza kukolea.

Santuri ya namna hiyo ni picha ya dansi, tena picha iliyokatwa pembeni ili iingie katika fremu yake. Bendi ikirudi kupiga wimbo ule mbele ya watu haipunguziwi kitu. Yaongezewa: gitaa laweza kuzunguka mpaka wachezaji wachoke, mwimbaji aweza kumtaja kwa jina bwana aliyeingia mlangoni sasa hivi, na hapana mtu wa kugeuza upande wa pili. Wimbo wa Kericho ukipigwa katika ukumbi wa Nakuru umerudi kwao.

Sasa tuvuke bahari tuone jambo lililo kinyume cha hilo. Katika Uingereza palitokea bendi ya vijana wanne wa Liverpool, iitwayo The Beatles, na hapana shaka jina lake umelisikia. Nao mwanzo walikuwa kama wale wa Kericho. Santuri yao kubwa ya kwanza, ya mwaka 1963, ina nyimbo 14, na katika hizo nyimbo 10 zilinaswa kwa siku moja tu, tarehe 11 Februari. Waliingia, wakapiga walichozoea kupiga katika vilabu, wakatoka na sauti zimewakauka. Lakini kadiri miaka ilivyopita walianza kukaa studio siku nyingi zaidi, na kutia katika nyimbo zao vyombo ambavyo wao wenyewe hawakuvijua kuvipiga. Mwezi wa Agosti mwaka 1966 walitoa santuri iitwayo Revolver. Mwezi huo huo walizunguka Marekani, na tarehe 29 wakapiga San Francisco onyesho ambalo lilikuwa la mwisho la watu kulipa kiingilio. Katika safari hiyo yote hawakuimba hata wimbo mmoja wa santuri yao mpya. Kelele za mashabiki zilikuwa nyingi hata wao wenyewe hawakujisikia, na hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba nyimbo zile zilikwisha kuwapita mikono.

Tazama wimbo mmoja wa Revolver, uitwao Eleanor Rigby. Hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyepiga chombo ndani yake, waliimba tu. Vyombo vyote ni vya nyuzi, navyo ni vinane: fidla nne, viola mbili na selo mbili, vilivyopigwa na mafundi wa kukodiwa kwa noti alizoziandika George Martin, msimamizi wa kazi zao. Maikrofoni ziliwekwa karibu mno na nyuzi, hata wapigaji wakachukia, maana kila mkwaruzo wa upinde ungesikika. Lakini mkwaruzo ndio uliotakiwa. Wimbo wasimulia habari za mwanamke mpweke anayekufa bila ya mtu wa kumlilia, na za kasisi anayeandika mahubiri yasiyo na msikilizaji. Lau fidla zile zingalipigwa kwa ulaini, kama zifanyavyo katika nyimbo za mahaba, tungalipata huzuni iliyotiwa sukari. Zilipigwa kwa mikato mifupi na mikavu, mmoja baada ya mwingine, kama nyundo juu ya ubao. Sikiliza tena utaona kwamba fidla hazimlilii yule mwanamke. Ni ulimwengu unaompita bila ya kugeuza shingo.

Mwaka uliofuata, 1967, walizidi. Wimbo wa mwisho katika santuri yao ya Sgt. Pepper, uitwao A Day in the Life, una wapigaji 40 wa okestra, walionaswa zaidi ya mara moja na sauti zao zikapangwa juu ya sauti zao wenyewe, kama mtu awekaye karatasi juu ya karatasi. Na wimbo wa Strawberry Fields Forever, wa mwaka huo huo, si wimbo mmoja hata kidogo: ni miimbo miwili iliyotofautiana mwendo na ufunguo, iliyounganishwa kwa kuubadili mwendo wa utepe mpaka ikakubaliana. Hakuna siku hata moja ambayo wimbo ule uliimbwa na watu kama tuusikiavyo. Santuri kama hiyo haiwezi kuitwa picha, kwa kuwa hapana kitu kilichopigwa picha. Ni jengo. Na wewe unayetaka kuupeleka wimbo huo ukumbini umeambiwa ubebe nyumba kichwani.

Watu wameijibu tabu hii kwa njia nyingi. Ya kwanza ni kulijenga upya jengo lote, tofali kwa tofali. Katika Uholanzi iko bendi iitwayo The Analogues, iliyoanza mwaka 2014, ambayo kazi yake ni kupiga mbele ya watu nyimbo za Beatles za miaka ile ya studio kama zilivyo katika santuri. Walitafuta vinanda vya namna ile ile na magitaa ya namna ile ile, wakaweka wapiga fidla na wapiga tarumbeta jukwaani. Katika wimbo wa Penny Lane mna tarumbeta ndogo yenye sauti ya juu sana, ambayo Paul McCartney aliitamani alipoisikia katika muziki wa Bach. Nao hawakukubali kuiacha. Nawasifu kama nimsifuvyo fundi aliyejenga upya nyumba iliyoungua. Hata hivyo nina neno moja juu ya sifa hiyo. Msikilizaji wa kazi kama hii hugeuka kuwa karani wa hesabu: hukaa na santuri kichwani mwake akisahihisha, na furaha yake kubwa ni kuona hapana kosa. Hiyo ni furaha ya kweli, lakini ni ndogo. Na kwa shule ya Njoro, au ya Gilgil, au ya Molo, ambayo mali yake yote ya muziki ni ngoma tatu na kinanda kimoja chenye kibonyezo kisichoitika, njia hii imefungwa kabla ya kufunguliwa.

Ya pili ni kuweka chombo kimoja mahali pa vingi. Bendi nyingine ya Uingereza, The Moody Blues, ilitoa mwaka 1967 santuri iliyojaa okestra, na haikuwezekana kuizungusha okestra ile mijini. Mpiga kinanda wao, Mike Pinder, alipata kuwa mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza kinanda cha ajabu kiitwacho Mellotron, ambacho kila kibonyezo chake kikibonyezwa huvuta utepe wenye sauti iliyonaswa, ya fidla au ya zumari. Basi alipiga okestra kwa vidole vyake. Vinanda vya umeme vilivyomo katika makanisa na shule zetu leo ni wajukuu wa kinanda kile. Siwadharau. McCartney mwenyewe, aliporudi kuzunguka dunia mwaka 1989, aliimba Eleanor Rigby mbele ya watu na fidla zake zikatoka katika kinanda.

Iko na njia ya tatu, ambayo ni ya kuimba juu ya sauti zilizokwisha kunaswa: fundi abonyeza kitufe, okestra yatoka katika spika, na mwimbaji aifuata. Umeiona katika arusi na katika mikutano, nami siipendi. Mwimbaji akivuta pumzi, mtambo haungoji. Mtoto akilia katika safu ya mbele, watu wakicheka, machozi yakimkaba koo mwenye kuimba, mtambo waendelea na safari yake kama gari la moshi lisilo na dereva. Muziki wa mbele ya watu una faida moja tu ambayo santuri haina, nayo ni kwamba aupigaye aweza kusikia na kungoja. Ukiiuza faida hiyo kwa okestra ya bandia umeuza shamba ukanunua picha ya shamba.

Lakini yafaa nikusimulie juu ya watu waliokwenda mbali kuliko hao wote, nao hawakutoka Ulaya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kunasia sauti, alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akanasa nyimbo za Wakipsigis. Katika hizo zilikuwamo nyimbo zenye jina la Chemirocha, na iliyo mashuhuri zaidi yaimbwa na wasichana pamoja na kinubi. Jina hilo ni jina la Jimmie Rodgers kama lilivyosikika katika masikio ya Kikipsigis. Rodgers alikuwa mwimbaji wa Marekani aliyewahi kufanya kazi ya reli, naye alikufa mwaka 1933. Santuri zake zilifika katika nchi ya chai pamoja na gramafoni, na sauti yake ikashangaza. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana wale walimfanya kiumbe nusu mtu na nusu paa, na wakamwalika aje kucheza. Hawakumfuata katika mahadhi yake, wala maneno yake, wala gitaa lake. Walichukua jina na mshangao tu, wakaviweka juu ya kinubi chao. Wimbo ule ni mzuri hata leo, na miaka ya 2010 sauti zile zilirudishwa Kapkatet wenyewe wakazisikiliza.

Je, wasichana wale waliimba wimbo wa Rodgers? La. Nami sitaki kujificha nyuma yao, kama wafanyavyo watu wengine wasemao kwamba kila abadilishaye ameumba. Ukisema utaimba Eleanor Rigby kisha ukaimba kitu kingine, watu waliokuja kumsikia Eleanor Rigby wana haki ya kukudai. Wasichana wa Kapkatet hawakuahidi kitu. Walitunga wimbo wao juu ya mtu waliyemsikia katika sanduku, na ndiyo maana hakuna awezaye kuwadai.

Basi baina ya karani wa hesabu na wasichana wa Kapkatet tusimame wapi? Jibu langu sikulipata katika vitabu. Nililipata katika ukumbi wa shule moja ya Nakuru, alasiri ya mvua, nilipoalikwa pamoja na wageni wengine kusikiliza vijana waliokuwa wakijiandaa kwa mashindano. Kundi moja, wavulana na wasichana wapatao ishirini, lilichagua Eleanor Rigby. Fidla zilitoka katika kinanda cha umeme. Msichana aliyetangulia kuimba alikuwa na sauti kavu kidogo, yenye kufaa, lakini kinanda kilimzunguka kwa fidla laini, ndefu, zilizonata kama asali. Uzuri wake ulikuwa wa mapambo ya arusi. Nilianza kutazama dirisha.

Umeme ukakatika. Wewe ukaaye katika mji huu hutaniuliza kwa nini. Kinanda kikanyamaza katikati ya ubeti, wanafunzi wa nyuma wakacheka, na mvua juu ya mabati, ambayo kumbe ilikuwa ikinguruma muda wote, ikasikika. Msichana hakunyamaza. Kwa hatua chache aliimba peke yake, juu ya mvua. Kisha mvulana mmoja wa sauti nzito akaanza kutoa kwa kinywa mapigo ambayo kinanda kilipasa kuyapiga, mafupi, yasiyo na neno, na wenzake wawili wakamfuata, na baadaye safu nzima. Nadhani walikuwa wameisikiliza santuri mara nyingi kuliko aliyewatia kinanda. Ufunguo ulishuka, mwisho walikuwa chini sana kuliko walipoanzia, na mmoja alipotea kabisa akabaki akifungua na kufunga kinywa. Lakini mapigo yalikuwa makavu, mamoja, yasiyo na huruma, na yule mwanamke mpweke akapita katika ukumbi wa Nakuru watu wakamwona. Kicheko cha nyuma kilikuwa kimekwisha.

Umeme uliporudi mwalimu wao aliomba radhi kwa wageni, na vijana wakauimba tena tangu mwanzo pamoja na kinanda, sawasawa, bila ya kosa. Mwimbo huo wa pili sikumbuki chochote juu yake.

Nimewaza mara nyingi kwa nini. Vinywa vya wale vijana havikufanana na fidla kuliko kinanda kilivyofanana. Sikio la haraka lingesema kinanda ndicho kilichokuwa karibu na santuri. Lakini kinanda kilishika sura ya fidla kikaiacha kazi yake, na vijana waliacha sura wakashika kazi. Fidla za George Martin zina kazi ya kugonga na kutojali. Kinywa cha binadamu chaweza kugonga, na vinywa ishirini vyaweza kugonga zaidi. Hapo ndipo nilipoona kwamba swali tulilokuwa tukiuliza, la tutapata wapi fidla, lilikuwa swali la dukani. Swali la mwanamuziki ni hili: sauti hii katika santuri yafanya nini? Ukiiondoa, ni nini kitakachoanguka?

Lijaribu swali hilo utaona kwamba nyimbo hazilingani. Wimbo wa Yesterday, wa Beatles hao hao, wa mwaka 1965, una fidla na selo katika santuri, na waliupiga mwaka 1966 kwa magitaa ya umeme na ngoma, nao ukasimama, kwa kuwa mifupa yake ni mahadhi na fidla ni shuka tu. Malaika, ambao Fadhili William aliuimba Nairobi kwa magitaa, uliimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte katika santuri yao ya mwaka 1965, na tangu hapo umevikwa nguo za kila kabila, za bei na zisizo na bei, ungali Malaika. Mwimbe bila ya chombo chochote, ukichuma pareto shambani, ungali Malaika. Aretha Franklin aliuchukua Eleanor Rigby mwaka 1969, akauharakisha, akajifanya yeye mwenyewe ndiye mwanamke yule. Fidla hazikuwa na kazi tena, kwa sababu ulimwengu usiojali alikuwa akiusimulia kwa kinywa chake. Huo ni ujasiri mkubwa, na usiuige mpaka uwe na sauti kama ile. Na Strawberry Fields, kwa upande wangu, sioni njia ya kuupeleka ukumbini. Yaliyo matamu ndani yake ni mshono wa nyimbo mbili zisizolingana, na mshono hauimbiki. Uache katika santuri, ndiko kwao.

A Day in the Life ni habari nyingine, na ndio utakaonifanya nikuchoshe kwa dakika chache zaidi. Waalimu huukimbia kwa sababu ya wale wapigaji 40. Lakini hebu tazama walichofanya. Martin aliwapa hatua 24 za muziki: kila mmoja aanze katika sauti ya chini kabisa ya chombo chake, apande kidogo kidogo, na mwishoni afike juu, tena aliwaambia wasisikilizane, kila mtu apande kwa njia yake. Mafundi wale waliozoea kukaa sawa kama askari waliona taabu kubwa kufanya fujo kwa amri, na ili kuwalegeza walivishwa kofia za kuchekesha na pua za bandia. Sauti hiyo ya kupanda, ambayo watu wameiogopa kwa zaidi ya nusu karne, kazi yake si utamu wa fidla wala wa tarumbeta. Kazi yake ni watu wengi wanaopanda mlima mmoja kila mtu peke yake.

Hesabu wanafunzi waliomo darasani mwako. Yamkini ni 40, na katika shule zetu nyingi ni zaidi. Kila mmoja ana sauti ya chini kabisa na sauti ya juu kabisa, na hakuna aliye na haja ya kununua chombo. Hesabuni hatua 24 kwa mguu, polepole, mmoja wenu asimame mbele azitaje kwa vidole, na anzeni chini kabisa, kwa mngurumo, kila mtu asimsikilize jirani yake. Mara ya kwanza mtacheka, na wengi watafika juu kabla ya hatua ya kumi. Mara ya tano hamtacheka. Tabu itakayobaki ni sauti ya mwisho ya wimbo, ambayo katika santuri ni piano kadhaa zilizopigwa kwa pamoja na kuachwa zife zenyewe kwa zaidi ya nukta 40, na mafundi wakaongeza nguvu ya maikrofoni kadiri sauti ilivyofifia, hata kiti kikasikika kikilia ndani ya studio. Ukumbini huna kimya cha namna hiyo. Imbeni sauti hiyo kwa pumzi moja, mkifunga vinywa mmoja mmoja, na kama ni mwezi wa Aprili na mabati yako juu yenu, mvua itaimalizia.